Binti ana KCSE (cheti cha kumaliza sekondari Kenya) ya B-, chuo cha huku Tanzania kinasema hiyo ni kidato cha nne. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko wapi hapo?

MamaGhati_Sirari
Habari za jioni wadau. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Sirari, ukitema mate yanaangukia Isebania. Binti yangu alikwenda kukaa na shangazi yake upande wa pili tangu darasa la nne. Shule ilikuwa karibu kuliko za kwetu, na sisi Wakuria mpaka huu tunauvuka kwenda misibani bila kuufikiria. Amefanya KCSE, kapata B-. Kenya ukiwa na C+ chuo kikuu unaingia. Nikasema sasa arudi nyumbani asomee ualimu wa sayansi.

Tumekwenda chuo kimoja, sikitaji. Kijana wa udahili akakiangalia cheti, akanirudishia: "Mama, hiki ni kidato cha nne. Akasome tano na sita kwanza." Mtoto ana miaka 19, wenzake wanajiandaa kuripoti vyuoni! Tunaimbiwa soko la pamoja tangu 2010, mahindi yanavuka, pikipiki zinavuka, cheti hakivuki? Naombeni kujua: chuo ndicho chenye makosa au ndivyo utaratibu ulivyo? Na mimi nifanyeje?

Mwl_Mstaafu
Pole mama Ghati. Kijana alikujibu kwa mkato, lakini hakukudanganya. Wanaolinganisha vyeti vya sekondari vya nje ni NECTA, baraza letu la mitihani, na KCSE wanaiweka kwenye ngazi ya kidato cha nne.

Hesabu kwa vidole. Mkenya wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo, jumla 16. Mtanzania: saba, minne, miwili, halafu shahada ya miaka mitatu. Ni 16 vilevile. Mganda hivyo hivyo. Wakikutana wote na shahada mkononi hakuna aliyemzidi mwenzake. Anayeumia ni yule anayevuka katikati. Binti yako amesoma miaka 12, na huku shahada inaanza baada ya 13. Ule mwaka wa kumi na tatu Wakenya wanausomea ndani ya chuo, ndiyo maana shahada yao ya kawaida ni miaka minne.

Wakubwa wanalijua hili. Baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, lipo Kampala tangu 1980. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na 2017 wakuu wa nchi wakatangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Lakini anayekuambia "ingia" au "rudi" bado ni msimamizi wa vyuo vikuu wa kila nchi: TCU hapa, CUE kule Kenya, NCHE Uganda. Mimi ningeulizwa, ningepunguza makongamano nikadai kitu kimoja tu: mwaka wa maandalizi unaotambulika nchi zote wanachama, ufundishwe vyuoni humo humo, mtoto asirudishwe kuvaa sare.

Wandegeya_Stage
Si Tanzania peke yake. Nilisoma Kampala na Wakenya wengi, na wao waliambiwa KCSE ni sawa na O-level ya Uganda. Wakapitia kozi inaitwa Higher Education Access Certificate, ndipo wakaanza shahada. Walinung'unika sana, hasa kwenye ada, lakini mlango ulikuwepo. Kwa hiyo anachosema mwalimu kinawezekana, tatizo kila nchi ina mlango wake na ufunguo wake.

Kimara_Mwisho
Mnaota. Tulikuwa na chuo kikuu kimoja kwa nchi tatu, 1963. Udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Ilipofika 1970 kikavunjwa, kila mtu alitaka wahandisi na madaktari wake. Leo tuko nchi nane, Kongo na Burundi wana mfumo wa Kifaransa, mtaanzia wapi? Halafu mimi niliyekesha na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) miaka miwili ya tano na sita, mwenzangu apite njia ya mkato? Hapana. Afuate utaratibu.

Mwl_Mstaafu
Kimara, njia ya mkato iko wapi wakati jumla ni 16 kwa wote?

Na huenda ugomvi huu ukaisha wenyewe. Kenya wanaachana na 8-4-4. Mtaala wao mpya kabla ya chuo ni sita, mitatu, mitatu: 12. Sera yetu ya elimu, toleo la 2023, inashusha msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo sita, minne, miwili: 12. Kundi la kwanza la Kenya linatarajiwa vyuoni 2029, letu litachelewa zaidi. Hapo ndipo TCU na CUE wakae meza moja mapema, maana miaka ikilingana itabaki kulinganisha mitihani, na hiyo ndiyo kazi ngumu hasa. Ghati haitamsaidia.

MamaGhati_Sirari
Shikamoo mwalimu, sasa nimeelewa. Ila 2029 mtoto atakuwa na wajukuu. Niambieni la mwaka huu.

Migori_Kwetu
Mama, usimrudishe nyuma. B- yake huku Kenya ina thamani, aitumie huku. Kisii na Rongo ni karibu na wewe kuliko Dar. Kwa vile yeye ni Mtanzania, nafasi za serikali kupitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni Kenya, asizihesabu, aombe moja kwa moja chuoni kama wa kujilipia. Wasimpige ada ya mgeni. Uliza ada ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki, na upewe kwa maandishi. Kibali cha mwanafunzi afuatilie mapema.

Mwl_Mstaafu
Naunga mkono. Hakikisha kozi imeidhinishwa na CUE kabla hujatoa hata shilingi. Akimaliza, TCU watamfanyia utambuzi wa shahada, na masomo yake mawili ya kufundishia yawe yanayofundishwa sekondari zetu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya huku usiutegemee kwa njia hii. Kama ada itakushinda, kuna stashahada huku nyumbani, anaingia na cheti kikishalinganishwa, halafu shahada baadaye. Ni safari ndefu zaidi lakini haina gharama ya Kenya.

MamaGhati_Sirari
Asanteni sana. Jumatatu namtuma shangazi yake Kisii akaulize ada. Kimara_Mwisho, siku pikipiki yako ikikuzimikia Sirari karibu dukani, ila nitakuuzia kwa bei ya mgeni.