Picha ya kamera ya kiwandani inatoka nusu giza: nipangeje taa?

Mleta mada: Wakuu, habari za kazi. Ninahudumia mtambo wa kujaza maji kwenye chupa, ambapo kamera iliyofungwa juu ya mkanda husoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kila kizibo. Mkanda unakwenda mita 0.8 kwa sekunde. Jicho linalohisi chupa hupeleka ishara kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo), nayo huamuru kamera na taa ya LED, ambayo humulika kwa mikrosekunde 100 tu ili maandishi yasivutike. Sehemu ya juu ya picha inang'aa, ya chini ni giza, na mpaka wa giza hilo hupanda na kushuka kutoka chupa hadi chupa. Nimebadilisha taa na nyaya bila mafanikio. Naomba ushauri.

Fundi Mitambo: Mkuu, taa yako ni nzima. Kwa dalili hizo, kamera ina shata (kinachoruhusu mwanga kuingia) inayofungua mstari mmoja wa picha baada ya mwingine, kwa hiyo mistari ambayo bado imefungwa taa inapomulika haipati mwanga wowote. Mpaka unahama kwa sababu mzunguko wa PLC wa kusoma ishara na kutoa amri hauchukui muda uleule kila mara. Acha kamera yenyewe iiamuru taa, kupitia ishara yake ya kutoka. Ikiwa mistari yote hufunguka ndani ya milisekunde 20, weka muda wa shata 25, kisha chelewesha taa kwa milisekunde 21, wakati mistari yote iko wazi kwa pamoja.

Dada Umeme: Naunga mkono, ila tafadhali usiunge taa moja kwa moja kwenye pini ya kamera, kwani pini hiyo haiwezi kubeba mkondo wa taa, ipitishe kwenye kidhibiti cha taa. Tena, ndani ya milisekunde 25 chupa husogea milimita 20, na mwanga wa taa za dari utachora kivuli kilichovutika. Funika eneo la kamera. Bajeti ikiruhusu, nunua kamera inayofungua picha nzima kwa mara moja.

Mleta mada: Nashukuru sana. Nimefanya hivyo, nikafunika kwa bati jeusi, na nikarudisha jicho nyuma milimita 17 kwa sababu, kwa ucheleweshaji huo wa taa, kizibo kilikuwa kimeshapita katikati ya picha. Sasa 3 na 8 zinatofautiana waziwazi.