Pambo la dirishani kama vioo vya kanisani: gundi nyeupe na rangi za chakula zitatosha?

Nyar Nyalenda, Kisumu
Hamjambo wote. Nataka kumtengenezea mama pambo linalofanana na vile vioo vya rangi vya kanisani. Amechagua picha mwenyewe: samaki aina ya ngege akipita katikati ya magugu maji yenye maua ya zambarau. Nyumba ni ya kupanga, kwa hivyo dirisha lenyewe siwezi kulipaka kitu. Nina gundi nyeupe ya mbao, rangi nyeusi ya akriliki na rangi za chakula. Nitaweza? Na nilitundike sebuleni, upande wa mashariki, au jikoni, upande wa kaskazini?

Mama Rangi, Nakuru
Utaweza, mdogo wangu, na sebuleni ndiko. Huku kwetu kwenye ikweta jua la adhuhuri linakaa utosini, halipenyi dirishani. Rangi zinaamka asubuhi, jua likiwa chini, na ndipo utamwona ngege wako amelala sakafuni.

Nguvu zako zote ziweke kwenye mstari mweusi. Kanisani ule ni ukanda wa madini ya risasi unaoshika vipande vya kioo. Wewe unauigiza kwa gundi iliyochanganywa na rangi nyeusi. Gundi hiyo ikikauka huwa angavu, kwa hivyo ukibania rangi, mwanga utapenya na mstari utaonekana wa kijivu. Iwe nyeusi tititi. Tafuta kipande cha kioo cha kutundika, dirisha lenyewe usiliguse. Weka mchoro chini ya kioo hicho, kifute kwa spiriti, kisha minya gundi kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Kila mstari ukutane na mwenzake, maana pengo la upana wa sindano linatosha buluu kuhamia kwa kijani. Acha ilale usiku kucha mahali tambarare kabisa.

Kesho yake jaza rangi: gundi na matone machache ya rangi ya chakula. Ikiwa mbichi inafanana na maziwa, usiogope wala usiongeze tone. Weupe utaondoka na rangi itakolea yenyewe. Mapovu yatoboe kwa pini. Zambarau ni nyekundu na buluu, ila jaribu kwanza kwenye kipande kingine.

Fundi Vioo, Kibuye
Dada, usinunue kioo kizima. Omba mabaki ya milimita 3 kwa fundi yeyote, na umwambie akusugulie kingo. Kisha seremala akuwekee fremu nyembamba na ndoano mbili. Selotepu haibebi kioo.

Wa Kakamega
Mimi naongeza mvua. Gundi nyeupe ikilowa inarudi kuwa kama maziwa na kunata. Upande wenye rangi utazame ndani ya nyumba, na usiliweke panapopigwa na manyunyu. Rangi ya chakula nayo hufifia juani. Ukitaka pambo la kudumu tafuta rangi maalumu ya vioo.

Nyar Nyalenda, Kisumu
Asanteni sana. Mama Rangi, magamba nichore yote?

Mama Rangi, Nakuru
La. Magamba madogo yatamezwa na mistari, upate samaki mweusi. Chora machache makubwa mgongoni, tumbo liwe kipande kimoja cha kijani hafifu. Jicho usilitie rangi yoyote, lipitishe mwanga mtupu. Na maua ya magugu maji yana doa la njano kwenye petali ya juu. Hilo usimnyime mama.