Ubuntu imegoma kuweka programu na bando linaisha bure, naombeni ushauri

mwl_hesabu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hesabu sekondari, huku wilayani Handeni. Tuna kompyuta 12 zenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na intaneti yetu ni hotspoti ya simu yangu. Bando nalipa mwenyewe.

Wiki iliyopita nilianza kusasisha kompyuta moja kwa `sudo apt upgrade`, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Tangu siku hiyo nikitaka kuweka GeoGebra, programu ya hesabu, kwa kidato cha tatu, naambiwa niendeshe kwanza `sudo dpkg --configure -a`, yaani amri ya kumalizia uwekaji uliokatika. Naendesha, mistari inashuka, inafika `initramfs-tools` inakwama. Nimerudia mara nane, inakwama palepale.

Jamaa mmoja kanishauri nifute faili la kufuli, `/var/lib/dpkg/lock`. Mwingine anasema nifute kila kitu niweke Windows, lakini leseni za mashine 12 shule haina pesa ya kununua, na wanafunzi wameshazoea hizi.

Halafu kuna la bando. Kila kompyuta inapakua pakeji (mafurushi ya programu) zilezile upya. GB 10 zimekwisha kwa siku mbili na nimegusa mashine tatu tu. Nifanyeje?

fundi_wa_usiku
Pole sana mwalimu. Hilo faili la kufuli liache kama lilivyo. Kazi yake ni kuzuia programu mbili zisiandike kwenye orodha ya pakeji kwa wakati mmoja. Ukilifuta huku sasisho jingine linaendelea kimyakimya, orodha yenyewe ndiyo itakayoharibika, na hapo utalia kweli.

Endesha `df -h` utubandikie majibu.

mwl_hesabu
Diski kuu imejaa 38% tu. Ila kuna mstari wa `/boot` unasema 100%.

fundi_wa_usiku
Basi tumempata mchawi. Aliyewawekea mfumo bila shaka alichagua kuifunga diski kwa nywila, na ukifanya hivyo `/boot`, sehemu ya faili za kuwashia kompyuta, inatengewa chumba chake kidogo. Kila kerneli (kiini cha mfumo) mpya inayokuja na masasisho inaweka faili zake humo. `initramfs-tools`, inayotengeneza faili la kuwashia mfumo, inataka kuandika faili hilo humo, nafasi hakuna, inaanguka, na dpkg haiwezi kuvuka hapo. Umeme usiulaumu sana, hata usingekatika ungekwama.

Kwanza `uname -r`. Kerneli itakayotajwa ndiyo unayotumia sasa hivi, hiyo usiiguse kabisa. Kisha `dpkg -l | grep linux-image` uone zilizopo, uchukue namba ya ile kongwe kuliko zote. apt itakukatalia kuiondoa kwa sababu ina kiporo, kwa hiyo tumia dpkg moja kwa moja, zote tatu kwa pamoja:

`sudo dpkg --purge linux-image-NAMBA-generic linux-modules-NAMBA-generic linux-modules-extra-NAMBA-generic`

Ikipita, rudia `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`, umalizie na `sudo apt autoremove --purge` ili kerneli kuukuu nyingine ziondoke.

kijana_debian
Mimi ningehamia Debian 12 moja kwa moja. Hizi shida za Ubuntu hazina mwisho.

fundi_wa_usiku
Mkuu, mwalimu analia bando, unamtuma akapakue mfumo mzima? 22.04 inahudumiwa hadi 2027. Na Debian nayo ukiifunga diski kwa nywila, `/boot` inatengwa vilevile.

dada_seva
Mwalimu, hilo la bando nililipitia kwenye maabara yetu hapa Morogoro. Chagua kompyuta moja uweke `apt-cacher-ng`. Inatunza kila pakeji inayopita, nyingine zote zinachukua kwake kupitia mtandao wenu wa ndani bila kugusa intaneti. Kwenye zile 11 tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari huu mmoja:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Anwani weka ya kompyuta uliyoichagua. Ila iwe imewashwa kila unaposasisha, ikizimwa nyingine zote zitalalamika.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni: kwenye 22.04 Firefox ni snap, aina nyingine ya pakeji, hata ukiiweka kwa apt. Snap haipiti kwenye huo mlango, na yenyewe huchungulia masasisho mara nne kwa siku bila kukuuliza. Endesha `sudo snap refresh --hold` kwenye kila mashine. Ukipata intaneti nzuri, endesha `sudo snap refresh` kwa mkono. Usisahau hiyo, kivinjari kisichosasishwa ni hatari kwa watoto.

mwl_hesabu
Nimerudi wakuu. Kulikuwa na kerneli tano! Nilipoondoa ile kongwe, `--configure -a` ikapita mpaka mwisho, sikuamini macho yangu. `/boot` sasa ni 41%.

Leo nimefunga apt-cacher-ng. GeoGebra inakuja na Java, ni mzigo mkubwa, kwa hiyo kompyuta ya kwanza ilichukua dakika kama 20. Ya pili haikumaliza hata dakika mbili. Nimeshafikia ya saba, zilizobaki namalizia kesho kabla ya kipindi cha kwanza. Dada_seva na fundi, Mungu awabariki sana.