Naomba ushauri: nani anaongoza mbio za urais 2027? Nina leso za kupiga chapa

MamaLeso_Malindi
Assalamu alaikum, wakubwa kwa wadogo. Nauza leso hapa Malindi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kila baraza lina jina lake: Rais Ruto, Kalonzo, Gachagua, Matiang'i. Nyinyi mnaofuata siasa, yupi yuko mbele? Nataka sura yake ikae katikati, kwenye mji wa leso. Nijibuni upesi, usingizi sipati.

PwaniTulivu
Aliye ikulu. Moi, Kibaki na Uhuru wote walitetea kiti wakatangazwa washindi. Kenya haijapata kumwangusha rais kwa kura.

MzeeWaBaraza
Hizo hesabu za mapema zimewaumbua wengi. 2022 kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele, Mungu amrehemu, kisha Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49 kwa 48.85. Hata Marekani, mwaka 2007 Hillary Clinton aliongoza kura za maoni ndani ya chama chake, tiketi akaibeba Obama. Mimi 2002 nilikuwa wakala kituoni, tukihesabu kwa taa ya karabai hadi adhana ya alfajiri. Kibaki alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na bado alishinda kwa asilimia 62. Usiku ule sitausahau, mbu walitumaliza.

BintiNgomeni
Dada, pesa za leso ni zako?

MamaLeso_Malindi
Hilo lahusu nini? Nimeuliza nani anaongoza.

BintiNgomeni
Lahusu sana. Kori ngapi, hizo ishirini ishirini, na umeshalipa?

MamaLeso_Malindi
Haya. Kori 30. Arbuni, malipo ya kutangulia, nimetoa nusu. Pesa ni za mchezo wetu wa kuchangishana, wanawake 14, na mweka hazina ni mimi. Msinihukumu. Biashara ni kuwahi, nikingoja mwakani wenye maduka makubwa Mombasa watakuwa wamejaza soko. Na huyu niliyemchagua mikutano yake inafurika.

AbuSwafiya
Amana ni amana, dada yangu. Ungewauliza kwanza.

FundiCherehani
Mikutano haipigi kura. Sikiza mambo ya 2022. Waliotangaza nia walikuwa wengi, kwenye karatasi wakabaki wanne: Ruto, Raila, Wajackoyah na Mwaure. Mudavadi alitangazwa mgombea wa chama chake Januari, akaingia kwa Ruto. Kalonzo alijitenga Mei, Juni ilipoanza akarudi kwa Raila. Mwenye leso za sura yao angeziuza kwa nani? Mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura kwenye kaunti 24 kati ya 47. Hakuna awezaye hayo peke yake, kwa hivyo lazima waungane, na anayeongoza leo kesho ni mgombea mwenza. Mimi nisingechapa sura ya mtu kabla tume ya uchaguzi haijamwidhinisha.

Kibarabara
Jamani, mnapimwa! Huyu si mama leso, ni mtu wa kampeni anatafuta tutamtaja nani. Leso za siasa hugawiwa bure, nani atanunua?

PwaniTulivu
Mimi pia nilianza kushuku. Mbona hamtaji mtu wake?

MamaLeso_Malindi
Simtaji kwa sababu sitaki mnigawanye na wateja. Leso hugawiwa bure, lakini yuko anayezinunua kwanza. Wakala mmoja aliniahidi atachukua zote, kwa mdomo tu. Na kipande cha mfano ninacho. Nilikichovya kwenye beseni, wekundu wa pindo ukachuja, ukamwingia mgombea kwenye kola nyeupe hadi kidevuni. Nimekificha chini ya godoro tangu Jumatatu, mume wangu asikione. Mtu wa kampeni ataficha hicho?

Kibarabara
Niwie radhi, mama.

BintiNgomeni
Mpigie mchapaji sasa hivi. Sura aitoe, atie pambo la korosho, na jina, yale maneno ya kwenye leso, ubadilishe liwe la harusini. Hizo zitauzika hata baada ya uchaguzi. Na wekundu aufanye upya.

MamaLeso_Malindi
Nimempigia. Kori 8 zimeshatoka na sura. 22 atatia korosho, wekundu ataurudia, ila arbuni harudishi hata shilingi. Wenzangu wa mchezo nimewaita baada ya alasiri. Mkeka nimeshautandika, na kile kipande nimekitoa chini ya godoro, nimekiweka juu yake.