Ushauri wa matairi ya Hilux: lami kila siku, na njia za Chemba na Mpwapwa kwa gari hiyo hiyo

Pampu_Dom

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijapeleka hela dukani.

Natumia Hilux dabo kebini ya dizeli, saizi ya tairi 265/65R17. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za visima zinazotumia sola. Naishi Ihumwa na ofisi ipo mjini, kwa hiyo kila asubuhi nipo kwenye lami, na kuna wiki naenda Manyoni, Kondoa au Morogoro kufuata vifaa. Shida inaanza nikiiacha lami. Leo nipo Kwamtoro, keshokutwa Farkwa, wiki ijayo napanda milima ya Mpwapwa kwenda Kibakwe. Nyuma kuna mabomba, paneli, jenereta na masanduku ya vifaa, kwa kukadiria kilo 500 hadi 600, na ndani tuko watatu.

Matairi niliyonayo ni ya lami, yale yenye herufi HT ubavuni. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Farkwa, giza limeshaingia. Tulipoishika lami ya Kondoa nikaongeza mwendo ili tuwahi nyumbani. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari ikanivuta hadi upande wa pili wa barabara, na ni Mungu tu kwamba hakukuwa na basi wala lori linalokuja. Mke wa kijana wangu mmoja alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue. Tulibadilisha tairi kwa tochi ya simu, na hakuna aliyesema neno mpaka tunaingia mjini.

Sasa kijana wa dukani ananishauri nichukue MT, yale yenye meno makubwa, anasema hayatobolewi na kitu. Bajeti yangu ni 2,600,000 kwa manne. Nichukue MT, AT (yale ya lami na vumbi), au nibaki na HT? Nitamsikiliza zaidi mtu anayezijua njia zetu hizi.

Mwana wa Mpwapwa

Pole sana mkuu, na poleni wote mliokuwa ndani. Kabla watu hawajaanza kutaja matairi wanayoyapenda, tusaidie mambo matatu. Lilipasukia wapi, juu linapokanyaga au ubavuni? Lilikuwa la mwaka gani? Na siku ile lilikuwa na upepo kiasi gani?

Pampu_Dom

Ubavuni, mkuu. Limekatika kuzunguka lote, kama mtu amepitisha kisu. Namba nne za mwisho za DOT, ile alama ya kiwandani ubavuni, ni 1417. Upepo sikupima siku ile, nilijaza wiki moja kabla. Na niseme ukweli wote: tairi hilo lilichanwa na jiwe kule Kibakwe miezi minne nyuma, likashonwa na kuwekwa tyubu ndani.

Fundi Matairi Area C

Mdogo wangu, umeeleza vizuri na hiyo picha naiona. Nimefanya kazi ya matairi zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu.

1417 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Raba inazeeka hata kama meno bado yapo, na jua letu la Dodoma haliisaidii. Lakini umri peke yake sio uliolipasua. Tairi linalokatika ubavu kuzunguka lote, mara nyingi limetembea na upepo pungufu. Upepo ukipungua ubavu unakunjika na kunyooka kila mzunguko. Kwenye vumbi unaenda taratibu, linavumilia. Ukishika lami na mzigo nyuma, ukafika 100, ubavu unapata joto mpaka nyuzi za ndani zinaachana na raba. Linapasuka bila kukuaga. Tairi lako lilikuwa na kidonda cha kushona, na tyubu ndani yake inasuguana na kuongeza joto. Tairi lililochanika ubavuni halina dawa. Kushona ni kwa kulifikisha gari kijijini kwa mwendo wa trekta, siyo kwa barabara kuu. Nimewakatalia wateja kazi hiyo wakakasirika, na nitaendelea kuwakatalia.

Sasa uchaguzi. HT linatulia kwenye lami, halina kelele na halili mafuta, ila ubavu wake ni mwembamba. MT limetengenezwa kwa matope: meno yameachana ili tope litoke. Kwenye lami raba inayogusa barabara ni kidogo, linavuma, linaisha haraka, na lami ikilowa linachelewa kusimama. AT liko katikati, na kwa kazi uliyoeleza ndilo lako. Ila AT ziko za aina mbili, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Saizi ikiandikwa 265/65R17 tupu, mara nyingi na namba 112, hilo ni la gari la abiria lililopewa meno ya AT. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Ukiona herufi LT mbele, yaani LT265/65R17, na namba mbili kama 120/117, hilo ni la gari la mzigo. 120 ni kilo 1,400. Namba ya pili ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma, haikuhusu. Tafuta lenye LT na plai 10, yaani kipimo cha uimara wa tairi, linaandikwa 10PR au herufi E. Kilo hizo za ziada huzihitaji sana, hata 112 linaumudu mzigo wako likiwa na upepo wake. Unachonunua ni ubavu mnene. Mawe ya Kibakwe na miiba ya migunga vinakuja kwa ubavuni.

Alama ya mlima wenye theluji muuzaji asikutajie kama sifa, hiyo ni ya nchi za baridi.

Bahi Sokoni

Mimi napingana na fundi kwa heshima. Natumia MT mwaka wa tatu. Njooni Bahi mwezi wa pili, mvua imenyesha siku tatu, ule udongo mweusi wa mbugani umelowa. AT likizunguka mara mbili linajaa tope linakuwa kama donati. MT linajisafisha na unatoka. Mtu anayekwenda visimani hachagui siku, wananchi wakikosa maji wanapiga simu leo.

Fundi Matairi Area C

Hilo la Bahi nakubali kabisa, kaka. Ningekuwa nakaa mbugani ningefunga MT. Swali ni kilometa ngapi anakanyaga tope, na ngapi anakanyaga lami. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi, mchanga, mawe na miiba.

Binti Kondoa

Niongezee kaka zangu, maana nimetumia yote mawili. Napeleka vifaa vya shule, nashinda kati ya Dodoma, Kondoa na vijiji vya juu huko Kolo. Nilifunga MT kwa sababu nilipenda zilivyoonekana. Mwezi wa kwanza nilifurahi. Baadaye ule mvumo kwenye lami ukawa unanichosha kichwa, nikifika nyumbani masikio bado yanalia. Kilichonibadilisha ni mvua. Nilikuwa naingia kijijini, mwendo ni 50 tu, mbuzi wakakatiza, nikakanyaga breki kwenye lami iliyolowa. Gari iliteleza zaidi ya nilivyoizoea. Mbuzi walipona. Nilifikiria ingekuwa ni watoto wanaotoka shule, na barabara ile wanapita wengi. Nikauza zile nikafunga AT zenye LT. Kolo napanda vilevile, ila kwenye tope naingia kwa adabu, na korongo likijaa nasubiri lishuke.

Kaka Pampu, wewe njia zako zote zinaanzia na kuishia kwenye lami, na una vijana wa watu ndani. Chagua tairi litakalosimama.

Mtera Road

Kwani asifunge seti mbili? HT kwenye rimu zake za kawaida, MT kwenye rimu nyingine, anabadilisha kwa safari.

Pampu_Dom

Mkuu nimelifikiria. Ila siku moja naondoka Ihumwa, nakimbia lami mpaka Chemba, naacha barabara kuu kuelekea Kwamtoro, na jioni narudi. Nitabadilishia wapi?

Mtera Road

Hapo umenishinda. AT basi. Lakini panda saizi, weka 265/70R17, gari inyanyuke kidogo kwa ajili ya mawe.

Mwana wa Mpwapwa

Tupige hesabu kabla ya kupanda. 265/65R17 lina kipenyo cha kama milimita 776. 265/70R17 ni kama 803. Gari inanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 13, upana wa kidole. Halafu gari itakimbia zaidi ya inavyoonyesha kwenye dashibodi kwa karibu asilimia 3 na nusu, na injini inapata kazi zaidi kuliondoa gari likiwa na mzigo. Mimi ningebaki na saizi ya kiwandani. Hata spea inakuwa rahisi kupata.

Chemba Ndani

Nimesoma yote, naona suala la upepo limeguswa halijaisha. Mimi nimezaliwa huku. Njia za kwenda Kwamtoro zina makorongo ya mchanga, na pembeni kuna maboma ya ng'ombe yaliyozungushiwa matawi ya migunga. Wakihamisha boma, matawi yanaburutwa njiani na miiba inabaki imelala kwenye vumbi. Ikikuingia hulioni tundu. Upepo unatoka polepole siku mbili tatu. Tairi kwa macho linaonekana zima.

Kwa hiyo kaka, nunua geji ya kwako na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Ukifika korongo la mchanga shusha mpaka psi 18 au 20, tairi litatanuka na kuelea badala ya kuchimba. Hapo usipinde kwa nguvu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukirudi barabara kuu, simama, jaza kwanza. Dakika ishirini za kompresa chini ya mti. Wengi tunazikwepa hizo dakika kwa sababu giza linaingia na nyumbani ni mbali.

Fundi Matairi Area C

Chemba Ndani amesema neno. Naongeza mawili. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukipima umetoka Manyoni saa nane mchana, geji itaonyesha psi 4 au 5 zaidi, na hiyo usiitoe. Kiwango cha kuanzia kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na ukiwa na mzigo nyuma kuna kiwango chake kikubwa zaidi. La pili: ukifunga LT, usibaki na upepo ule ule wa matairi ya zamani. LT kwa upepo sawa linabeba kilo pungufu kuliko la abiria, ule ubavu mnene unahitaji upepo zaidi ndio ukae sawa. Ongeza kama psi 5 juu ya kibandiko, kisha angalia linavyolika. Likilika pembeni mbili, upepo ni mdogo. Likilika katikati, umezidi.

Pampu_Dom

Wakuu, nimeamka saa kumi na mbili nikaazima geji kwa jirani. Mbele kulia 31, mbele kushoto 30. Nyuma kulia 21. Nimelipiga maji ya sabuni, kuna mwiba umekaa kimya kabisa kati ya meno. Nilikuwa nimepanga kwenda Morogoro leo na tairi hilo. Nimekaa chini kwanza.

Safari nimeahirisha. Nimeamua AT yenye LT, plai 10, saizi ile ile. Nimeulizia Yokohama Geolandar na BFGoodrich KO2, nitachukua itakayokuwa na tarehe ya karibuni. Swali la mwisho: bajeti inafika manne tu. Spea itabaki HT moja kati ya haya ya zamani. Linafaa?

Fundi Matairi Area C

Kwa dharura linafaa, saizi ni moja. Ila likifungwa pamoja na mapya, usiweke 4WD kwenye lami wala sehemu ngumu, kwa sababu lililolika lina mzunguko mdogo na gia za katikati zinaumia. Enda taratibu, tafuta fundi wa kwanza. Ukipata hela nunua la tano linalofanana, uwe unayazungusha yote matano kila kilometa 8,000 hadi 10,000. Na hakikisha wanafanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa rudi kesho.

Binti Kondoa

Na kabla hujalipa, isome DOT mwenyewe, kwenye kila tairi. Mimi niliuziwa manne, matatu ya mwaka ule na moja la miaka minne nyuma. Ile tarehe mara nyingi inaandikwa ubavu mmoja tu, wakifunga inaingia ndani huioni tena.

Pampu_Dom

Asante dada. Nitaenda na tochi. Vijana wangu wote wawili wamesema tunakwenda wote, wanataka kuyaona.