Picha za msitu wa Amani zinatoka fujo ya majani tu. Nakosea wapi?

binti_wa_mlimani

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwongoza wageni huku Amani, Muheza, mwaka wa nne sasa. Mwezi wa tatu nilinunua kamera iliyotumika, Canon 700D na ile lenzi yake ya 18-55, kwa fundi picha mmoja wa Tanga mjini aliyekuwa anabadilisha vifaa. Sikuinunua kwa ajili ya wageni, wao wana zao. Kila Alhamisi nashuka kwenye shule moja huko chini kwenye machungwa, kuna klabu ya mazingira. Watoto wale wanauona mlima kila siku wakienda shule, lakini msituni hawajafika. Wengi hawana nauli ya kupanda, basi nikasema msitu niwashushie mimi, niwaonyeshe ukutani kwa projekta.

Sasa shida. Njia ya kupanda kutoka Sigi kuna mnyasa mmoja mkubwa, mizizi yake imesimama kama kuta, mingine inanipita kichwa. Kila mgeni nikimfikisha pale ananyamaza. Nimeupiga mti ule labda mara thelathini. Kwenye picha unakuwa nguzo nyeusi, nyuma yake anga limeungua vipande vipande vyeupe, majani ya mbele yanang'aa kama nailoni, na yote hayo yamechanganyikana hata mimi ninayeujua mti siuoni. Wiki iliyopita niliwaonyesha watoto, mmoja akauliza, "Dada, mti wenyewe uko wapi?" Nimerudi nyumbani na swali hilo na sijaweza kulitoa kichwani.

Nilipiga saa sita kasoro mchana, jua kali, kamera nimeiacha kwenye oto. Flashi ilijifungua yenyewe. Watu niliokuwa nao, nyuso zao zimetoka kijani.

Je, ni lenzi? Ni saa? Ni mimi? Naomba mnisaidie, kifaa kingine kwa sasa siwezi kununua.

---

mzigo_kamili

Hiyo bodi ni ya siku nyingi. Msituni giza, unahitaji kamera ya ful fremu, yenye sensa kubwa, na lenzi ya f/2.8 inayoingiza mwanga mwingi. Ukibaki na hiyo 18-55 utahangaika tu.

---

fundi_picha_Lushoto

Mdogo wangu, marahaba. Usinunue kitu. Mkuu hapo juu hajasema uongo kuhusu mwanga, ila f/2.8 haitamwonyesha yule mtoto mti wako. Itakuletea fujo ileile, safari hii ya nyuma ikiwa imefifia.

Mimi kazi yangu ni harusi na vipaimara, lakini mwaka wa saba huu kila nikipata siku naingia msitu wa Magamba, huku kwetu Lushoto. Miaka miwili ya kwanza nilirudi na kadi imejaa na sina picha hata moja. Nitakueleza nilichojifunza kwa mpangilio nilivyojifunza mimi, usishangae mambo ya vitufe yakija mwishoni.

Kwanza saa. Saa sita mchana jua liko utosini, linapenya matundu ya majani na kumwaga madoa chini. Pale penye doa na pale penye kivuli tofauti yake ni kubwa mno, kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Jicho lako linaweza kwa sababu linatazama kidogo kidogo na ubongo unaunganisha. Kwa hiyo mti uliouona ni wa kweli, kamera ndiyo haikuuona. Siku ya jua kali ndani ya msitu mimi siku hizi sipigi kabisa, natembea nikitafuta mahali pa kurudi. Unachotaka wewe ni mawingu, au mvua iliyokatika sasa hivi, au ukungu. Na huko Amani ukungu mnao bure!

Niuzungumzie ukungu, kwa sababu hapo ndipo nilipofunguka macho. Siku moja mwezi wa tano nilikuwa chini ya mkulo mmoja Magamba, ukungu ukaingia kutoka bondeni. Miti ya nyuma ikaanza kufutika mmoja mmoja. Baada ya dakika kumi ulibaki mkulo na mingine miwili kama vivuli. Sikuwa nimesogea hata hatua. Nikaelewa kwamba muda wote tatizo langu halikuwa kukosa kitu cha kupiga, vilikuwa vingi mno na sikuwa nimechagua. Ukungu ulinichagulia. Siku ambazo haupo inabidi uifanye kazi hiyo wewe, kwa miguu. Zunguka mti. Piga magoti. Sogea hatua tatu kushoto hadi shina la nyuma lisigusane na shina lako. Nikifika kwenye mti huwa natoa kamera baada ya robo saa hivi.

Pili, anga. Litoe. Kipande cheupe hata kikiwa kidogo kama kucha kitavuta macho yote ya darasa. Shusha lenzi, piga mizizi na shina tu, kilele waambie kwa mdomo. Kama lazima anga liingie, basi siku ya ukungu, pale anga na majani vinakaribiana.

Sasa vitufe. Zima oto. Weka Av, hapo wewe unachagua apacha, yaani tundu la lenzi, na kamera inachagua spidi. Apacha iwe f/8. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, anza na 400. Flashi isijifungue tena, kwenye Av haijifungui mpaka uibonyeze. Chini ya miti mikubwa kukiwa na mawingu utajikuta kwenye spidi ya 1/8 ya sekunde au taratibu zaidi, na hapo mkono hauwezi. Kwa bodi yako kanuni ya mkono ni hivi: ukiwa kwenye milimita 50, usishuke chini ya 1/80. Lenzi kama ina alama ya IS, yaani kituliza mtikisiko, inakusaidia kushuka zaidi, lakini hata hiyo ina mwisho. Stendi ndiyo dawa. Huna? Chukua soksi nene, jaza maharage nusu, funga. Iweke juu ya jiwe au mzizi, kamera ilale juu yake, weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Nina stendi nzuri sasa na soksi yangu bado iko kwenye begi.

Ukisharudisha picha kwenye kioo, bonyeza INFO mpaka uone grafu. Sehemu zilizoungua zitakuwa zinawaka na kuzima. Zikiwaka, shika kitufe cha Av +/- uzungushe gurudumu upunguze mwanga theluthi mbili ya stopu, yaani alama mbili ndogo kwenye kipimo, piga tena. Kwenye ukungu ni kinyume, kamera inadhani ni mwanga mwingi na inatia giza, wewe ongeza theluthi mbili hadi moja nzima.

Nyuso za kijani zinatokana na mwanga uliochujwa na majani. Badala ya AWB, ambapo kamera inajichagulia rangi, weka alama ya wingu au ya nyumba yenye kivuli, itapasha rangi. Halafu piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, maana kwenye RAW rangi unaweza kuirekebisha nyumbani bila kuharibu kitu.

Na majani yanayong'aa kama nailoni: hapo nitakuruhusu ununue kitu kimoja, ukipata pesa. Kichujio cha polaraizi, mdomo wa lenzi yako ni milimita 58. Ukikizungusha, ule mng'ao unaondoka na kijani chenyewe kinatokea, hasa mvua ikishanyesha. Kinakula mwanga, kwa hiyo soksi ya maharage lazima. Kama lenzi yako ni ile ya zamani ambayo mbele inazunguka ikifokasi, fokasi kwanza ndipo uzungushe kichujio.

Usipige msitu. Piga ule mnyasa. Nenda mara tano, mti uleule.

---

jirani_Kakamega

Hujambo dada. Mimi niko upande wa Kenya, naishi karibu na msitu wa Kakamega. Kaka wa Lushoto amesema karibu yote, naongeza mawili matatu.

Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri. Ile nusu saa baada ya mvua kukatika ndiyo saa yangu. Magome yamelowa yamekuwa meusi, kuvu na kuvumwani zinaonekana rangi zao kamili, na upepo kwa kawaida umetulia. Upepo ni adui wa hizo spidi za polepole, shina litakaa wima lakini majani yatatoka kama moshi. Subiri majani ya chini yatulie ndipo ubonyeze.

Asubuhi nayo, uwahi kweli. Huku karibu na ikweta jua halikawii, likishachomoza linapanda mbio. Nikienda kilima cha Lirhanda kutazama msitu kutoka juu, nafika kukiwa bado giza. Ukifika saa moja na nusu ule mvuke juu ya miti ushaanza kupotea.

Halafu unyevu. Ukiishuka milima kutoka baridi kuingia joto la Muheza, usifungue begi mara moja. Acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto taratibu, la sivyo matone ya maji yatajikusanya kwenye kioo, na hata ndani ya lenzi. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe, viweke kwenye begi la kamera.

---

bwana_miti_mstaafu

Binti, marahaba sana. Umenikumbusha mbali. Nimefanya kazi ya misitu Tanga miaka mingi, kupima na kuhesabu miti, kamera sijui sana. Lakini nasoma hapa na naona kuna kitu vijana hawajakuambia.

Mti mkubwa bila kitu cha kuulinganisha hauna ukubwa. Sisi tulikuwa tunapima unene wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na picha za ripoti siku zote alisimama mtu kando ya shina. Ukiwaonyesha watoto mizizi peke yake, watadhani ni mizizi ya mwembe wa kwao. Msimamishe mtu. Afadhali mtoto mwenzao, aliyevaa sweta la shule, asitazame kamera, auangalie mti.

La pili, usielekeze kamera juu kuutafuta mti wote, utaonekana unaanguka kinyumenyume. Usambara ina mteremko, tumia mteremko. Panda njia ya juu, utajikuta uko usawa wa katikati ya shina, unautazama uso kwa uso. Nchi tambarare hawana bahati hiyo.

Na uchague unachowafundisha. Hapo Amani kuna miti ya asili ya Usambara na kuna mhesi ulioletwa, ambao hondohondo wanaeneza mbegu zake na sasa umeingia kila penye uwazi. Kwa mtoto yote ni kijani. Mpigie mnyasa, kisha mpigie mhesi, picha mbili kando kwa kando, magome na majani. Bustani ya mimea ya hapo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, mengi yaliyoletwa yalianzia pale. Watoto wajue kipi ni chetu.

Usitoke njiani kutafuta pembe. Miche midogo ya mnyasa inakua palepale mnapokanyaga. Na angalia siafu kabla ya kulala chini na hiyo soksi yako.

---

binti_wa_mlimani

Narudi baada ya wiki tatu. Nawashukuru wote, na babu wa misitu shikamoo tena, maneno yako niliyaandika kwenye daftari.

Nimeenda kwenye mnyasa mara nne. Mara ya kwanza jua lilitoka, nikafanya kama kaka wa Lushoto, sikupiga, nilizunguka tu. Niligundua kwamba siku zote nilikuwa nasimama upande mmoja, pale ninapowasimamisha wageni, na nyuma ya mti upande ule kuna uwazi wenye mihesi na anga lote. Upande wa pili nyuma yake ni mlima, kijani kilichotulia, hakuna kitundu hata kimoja cheupe. Miaka minne napita hapo.

Mara ya pili na ya tatu mvua. Ya nne, Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, ukungu mwembamba. Nilikwenda na mdogo wangu wa darasa la sita, amevaa sweta lake la shule la bluu. Soksi ya maharage juu ya jiwe, f/8, ISO 400, 1/6 ya sekunde, nimeongeza theluthi mbili. Nilimwambia asitikisike, ahesabu mikunjo ya mizizi kwa macho. Nilipiga 41. Nyingi ametikisika. Nimebaki na tatu, na moja kati ya hizo tatu ndiyo yenyewe. Mizizi imepanda kuliko kichwa chake upande mmoja, gome limelowa, na nyuma kuna shina jingine linafifia kwenye ukungu.

Alhamisi niliiweka ukutani sikusema kitu. Yule yule aliyeniuliza mti uko wapi alisimama akaenda mpaka ukutani, akapima kwa mkono wake yule mdogo wangu kwenye picha, halafu akapima mzizi. Akawaambia wenzake, "Ni watu wawili na nusu."

Sasa nina swali jipya. Wanataka kinyonga. Usiku tunawaona wengi wamelala kwenye ncha za matawi, ukiwamulika wanakuwa weupe. Nitawapigaje bila flashi ya kamera kuwachoma usoni?

---

fundi_picha_Lushoto

Hongera sana mdogo wangu. Hiyo picha ya sweta la bluu ichape kubwa, ibaki shuleni.

Kinyonga: usimulike kutoka kwenye kamera. Mtu wa pili ashike tochi pembeni, mbele yake aweke karatasi nyeupe au kitambaa chepesi ili mwanga ulainike. Lenzi kwenye 55, ISO panda hadi 1600, fokasi kwenye jicho. Tawi usilikate wala kulivuta, na mnyama usimguse. Piga tatu nne, zimeni tochi, mwondoke, alale.