Kabureta ya Land Cruiser 2F: Aisin ya zamani, Weber au kopi mpya?

Mkulima_Karatu
Wakuu habarini. Nina Land Cruiser FJ60 ya 1984, injini 2F ya petroli, silinda sita. Haishiki sailensa (haitulii ukiachia akseleta), plagi zinatoka nyeusi, na inakunywa mafuta kupita kiasi. Fundi mmoja anasema nitoe Aisin, kabureta yake ya asili, nifunge Weber 32/36 ya kampuni nyingine, mwingine kopi mpya ya Aisin. Gari linabeba mahindi milimani. Nifunge ipi?

Fundi_Sita
Mkuu, 32/36 ilifungwa kwenye Ford za silinda nne, lita 2. Yako ina cc 4,230. Itawaka na kutulia, ila ukikanyaga mlimani na mzigo itaishiwa pumzi. Kama ni Weber, heri 38, ambayo matundu yake mawili hufunguka pamoja. Ford waliiweka kwenye V6 ya lita 3. Bado utahitaji adapta ya kuikalisha kwenye manifoldi, na regyuleta ya kupunguza presha ya mafuta, maana pampu ikisukuma kwa nguvu Weber hufurika.

Dada_FJ40
Nilitembelea 32/36 miaka miwili. Lami raha tupu. Kwenye korongo, gari likiinama pua, linazima, na kuliwasha tena ni kazi. Nilirudisha Aisin yangu.

Mzee_wa_Spea
Kopi msizikatae zote. Yangu ina mwaka wa tatu, ila nilihamishia jeti (vitundu vya kupimia mafuta) za ile ya zamani. Zilizokuja nayo zilikuwa zinatoa moshi mweusi.

Dada_FJ40
Mzee, shikamoo. Kopi yangu mhimili wa akseleta ulilegea ndani ya miezi sita. Ni bahati nasibu.

Fundi_Sita
Mkulima, usinunue chochote kwanza. Zima injini, toa chujio la hewa, shika mhimili wa akseleta pale unapoingia kwenye kabureta, utikise. Ukicheza, hewa inapenya hapo na repea kiti pekee haitasaidia. Mchonga vyuma akuwekee bushi za shaba. Pili, washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa solenoidi (vali ya umeme inayofungua mafuta ya sailensa) kisha uuguse tena. Lazima usikie "tik". Kama kimya, sailensa hutaipata. Tatu, kile kioo kidogo cha duara kwenye kabureta: injini ikiunguruma, mafuta yakae katikati. Yakipita juu, floti (boya la ndani) au sindano yake ina shida, na plagi nyeusi zinatokea huko.

Mkulima_Karatu
Asanteni sana. Nimeangalia jioni hii. Kioo kiko sawa, solenoidi kimya, mhimili unacheza upande wa nje. Kesho naipeleka kwa mchongaji. Mzee, solenoidi unayo?

Mzee_wa_Spea
Ipo moja, imetoka kwenye 2F. Njoo nayo ya zamani tulinganishe nyuzi.